Timu Yetu, Mali Yake

Tarehe 23 Januari 2011, mjini Pittsburgh nchini Marekani, timu ya New York Jets ilishindwa kwa alama 24 kwa 19 katika mechi ya mwisho kabla ya fainali kuu ya mchezo wa kandanda ya Kimarekani. Mashabiki wake walirejea majumbani na uchungu wa mtu aliyepokonywa tonge likiwa limekwisha kufika mdomoni. Uchungu huo una dawa yake, kwani mwenye njaa hujua kwamba kesho jiko litawashwa tena. Wasilolijua mashabiki wale ni kwamba jiko lilikuwa limezimwa. Kufikia mwisho wa msimu wa 2025, Jets walikuwa wamepitisha misimu 15 mfululizo bila kufuzu hata mara moja kwa awamu ya mchujo. Hakuna timu nyingine katika ligi hiyo ya NFL iliyokuwa na ukame wa urefu huo.

Huenda msomaji akauliza yanamhusu nini mwalimu wa isimu mambo ya mpira wenye umbo la yai unaochezwa ng'ambo ya bahari. Yananihusu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba niliishi katika jimbo la New Jersey nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamifu, umbali wa safari fupi ya basi kutoka uwanja wa Jets, na nikayaona mapenzi ya watu wale kwa timu yao kwa macho yangu. Ya pili ni ya hapa nyumbani. Kila mara vilabu vyetu vya Gor Mahia na AFC Leopards vinapokosa nauli ya kusafiria au mishahara ya wachezaji, husikika sauti za watu wenye nia njema zikisema kwamba dawa ni moja tu: vilabu hivi visiwe tena vya wanachama, vipewe tajiri mmoja avimiliki na kuviendesha kama wafanyavyo Wamarekani. Wanaosema hivyo ningependa tuandamane hadi New York, tukaone mmiliki ni mtu wa namna gani pindi mambo yanapokwenda kombo.

Kwanza nieleze mchujo wenyewe, maana kuna wasomaji wasioufuata mchezo huu. Ligi ya NFL ina timu 32. Tangu mwaka 2021 kila timu hucheza mechi 17 za kawaida kwa msimu, na tangu 2020 timu 14 huingia katika mchujo wa kumtafuta bingwa. Kwa maneno mengine, karibu nusu ya timu hupita. Neno letu la mchujo linatokana na kuchuja, kama mpishi achujavyo nazi iliyokunwa: tui hupita kwenye kifumbu, chicha hubaki. Kupita mara moja si muujiza. Kubaki chicha miaka 15, katika kifumbu chenye matundu mapana namna hiyo, ni jambo linalohitaji maelezo.

Mmiliki wa Jets ni Robert Wood Johnson wa nne, ajulikanaye zaidi kwa jina la Woody, wa ukoo ulioanzisha kampuni ya Johnson & Johnson. Aliinunua timu mnamo Januari 2000 kwa dola milioni 635, baada ya kifo cha Leon Hess, tajiri wa mafuta aliyekuwa mwenye timu kabla yake. Haki inanilazimu niseme kwamba ukame haukuanza siku alipoingia. Katika misimu 11 ya kwanza ya umiliki wake, Jets walifuzu mara sita, na katika misimu ya 2009 na 2010 walifika mechi moja tu kabla ya fainali. Anayedai kwamba mtu huyu hajapata kushinda chochote anasema asilolijua. Kuanzia mwaka 2017 hadi 2021 Johnson alikuwa balozi wa Marekani mjini London, na nduguye Christopher ndiye aliyeishika timu. Ukame haukutofautisha kati ya ndugu na ndugu.

Yaliyotokea katika miaka hiyo yangetosha kuandikiwa tanzia. Katika msimu wa 2015 Jets walishinda mechi 10, na tarehe 3 Januari 2016 walihitaji ushindi mmoja tu huko Buffalo ili wafuzu. Walishindwa kwa 22 kwa 17. Kocha wa Buffalo siku hiyo alikuwa Rex Ryan, yule yule aliyewafikisha Jets karibu na fainali mara mbili na ambaye Jets walikuwa wamemfuta kazi mwaka mmoja kabla. Mnamo 2023 wakamleta Aaron Rodgers, mmoja wa warushaji mpira mashuhuri zaidi wa kizazi chake. Tarehe 11 Septemba mwaka huo, katika mechi yake ya kwanza, kano ya kisigino chake ilikatika kabla hajacheza hata dakika tano, na msimu wake ukaishia hapo. Oktoba 2024, baada ya mechi tano tu, kocha Robert Saleh akafutwa, na mwezi uliofuata meneja mkuu Joe Douglas akamfuata. Tangu usiku ule wa Pittsburgh wamepita Ryan, Bowles, Gase na Saleh, na mwaka 2025 akaja Aaron Glenn. Makocha hubadilishwa kama nguo za sikukuu, ila anayewaajiri habadiliki, wala hakuna mwenye uwezo wa kumbadilisha.

Lakini kisa kinachonifikirisha zaidi kuliko vyote ni cha Desemba 2020. Msimu huo Jets walikuwa wameshindwa mechi 13 za kwanza, zote. Tarehe 20 Desemba wakawashinda Los Angeles Rams kwa 23 kwa 20, na badala ya kushangilia, mashabiki wengi walihuzunika. Msomaji asidhani wamepungukiwa na akili. Kanuni za ligi zinaipa timu iliyoshika mkia nafasi ya kwanza ya kuchagua chipukizi kutoka vyuo vikuu, na mwaka huo kila mtu alimjua chipukizi aliyestahili kuchaguliwa wa kwanza, kijana aitwaye Trevor Lawrence. Kwa ushindi ule, na mwingine uliofuata juma moja baadaye, Jets waliukosa mkia, na Lawrence akachukuliwa na Jacksonville. Mimi ni mwalimu, na nimewahi kuwaona wanafunzi wakisikitika kwa kufeli. Sijapata kuona utaratibu wa masomo ambamo mwanafunzi husikitika kwa kupasi swali la mwisho kwa kuwa aliye wa mwisho darasani ndiye atakayepewa kitabu kipya. Mashabiki wa Jets walifikishwa hapo, wakawa wanaomba timu waipendayo ishindwe ili siku moja ipate kushinda. Mapenzi yaliyofika daraja hiyo yamekwisha kuharibiwa na mtu fulani.

Ni nani basi aliyeyaharibu? Jibu jepesi ni kumtaja Johnson. Ni kweli kwamba lawama nyingi zinamwangukia yeye. Mwaka 2025 chama cha wachezaji wa NFL, ambacho huwahoji wanachama wake na kutoa maksi kwa kila timu, kilimpa Johnson alama ya F. Walimu wenzangu wanaijua herufi hiyo na hawahitaji kufasiriwa. Hata hivyo nadhani jibu hilo jepesi linaficha jibu zito, nalo limo katika hesabu za fedha.

Chukua timu ya Green Bay Packers, ambayo kwa sababu nitakazozieleza hulazimika kutangaza mapato yake hadharani. Katika hesabu za mwaka wa fedha uliokwisha Machi 2024, Packers walitangaza kwamba walipokea zaidi ya dola milioni 400 kutoka katika fungu la pamoja la ligi, ambalo sehemu yake kubwa ni fedha za televisheni. Fungu hilo hugawanywa sawasawa kwa timu zote 32, bingwa na mshika mkia wakipata kiasi kile kile. Na kiwango cha juu cha mishahara ambacho kila timu iliruhusiwa kuwalipa wachezaji wake katika msimu wa 2024 kilikuwa dola milioni 255 na kidogo. Hebu msomaji apige hesabu mwenyewe. Kabla ya kuuza tikiti moja, fulana moja au soda moja, mwenye timu amekwisha kupata fedha za kuwalipa wachezaji wake wote na akabakiwa na salio la mamilioni. Isitoshe, ligi hiyo haina daraja ya pili. Timu ikishika mkia miaka 15 haiteremshwi popote, bali hupewa chipukizi bora kama pole. Jets waliokuwa wakishindwa kila Jumapili walikadiriwa na jarida la Forbes mwaka 2024 kuwa na thamani ya karibu dola bilioni 7, yaani zaidi ya mara kumi ya bei waliyonunuliwa.

Sisemi kwamba Johnson anapenda kushindwa. Sidhani kuna mtu apendaye kuzomewa mbele ya maelfu ya watu. Ninachosema ni kwamba kushindwa hakumgharimu kitu, ilhali shabiki hugharimika kila siku. Mkulima wa mahindi wa Kitale akipanda mbegu mbovu, atalala njaa msimu huo huo na msimu ujao atabadilisha mbegu. Mwenye timu ya NFL akipanda mbovu, ghala lake hujaa vile vile, na wanaolala njaa ni wengine.

Hao wengine nao hulipa. Uwanja mpya wa Jets na jirani zao Giants ulipofunguliwa mwaka 2010 huko East Rutherford, mashabiki waliotaka tikiti za msimu katika viti vingi walitakiwa kwanza walipe maelfu ya dola kwa ajili ya leseni ya kiti. Leseni hiyo si tikiti. Ni haki ya kuruhusiwa kununua tikiti. Watu wa Pwani wana neno mwafaka kwa malipo ya jinsi hii: kilemba, fedha anazotoa mpangaji ili akubaliwe kuingia nyumbani, na kodi bado. Waliokuwa wakikaa katika viti vya baba zao waligundua kwamba walikuwa wapangaji tu.

Hapa ndipo isimu inaponiingiza uwanjani. Mnamo Januari 2011, Jets walipowashinda New England Patriots kwa 28 kwa 21, jirani yangu mmoja, mzee aliyestaafu udereva, aliligonga dirisha langu usiku huo kwa furaha. Hakusema kwamba Jets wameshinda. Alisema, "Tumeshinda!" Mzee yule hakuwa amecheza mchezo huo tangu alipokuwa mvulana, na magoti yake hayakumruhusu kupanda ngazi bila kushika ukuta. Lakini alikuwa katika ile "tu-", na haikuwa na shaka yoyote. Mwaka 1976 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti mashuhuri kuhusu jambo hili hili katika vyuo vikuu vya Marekani. Waligundua kwamba wanafunzi husema "sisi" zaidi timu ya chuo inaposhinda, na inaposhindwa hujitenga na kusema "wao". Nafsi ya kwanza wingi huja na ushindi, kisha huenda zake.

Kwa mashabiki wa Jets mambo yamekwenda kinyume na nadharia. Katika miaka yote hii nimekuwa nikiwasikia na kuwasoma, nao husema "sisi" hata wanapoporomoka. Tumeshindwa tena. Hatuna mrushaji. Tutafanyaje? Kiwakilishi hakijawatoka. Aliyetolewa katika "sisi" ni mtu mmoja tu, ambaye sasa ni "yeye": yeye ndiye aliyemfukuza kocha, yeye ndiye asiyesikia. Kwa jicho la mwanaisimu, huo ndio ukubwa wa chuki yao. Jamii nzima ya wasemaji imemhamisha mtu kutoka nafsi ya kwanza hadi ya tatu, na huko hakuna anayemsemesha.

Ndiyo maana wito wao, kama wa wenzao katika timu nyingine nyingi za Marekani, ni mfupi na unauma: uza timu! Ukiutafakari wito huo utaona kwamba una kisu pande mbili. Mtu hamwamuru mwenzake auze kitu isipokuwa amekiri kwamba kitu hicho ni cha mwenzake. Watu wale wale wasemao "timu yetu" kwa miaka 15, kinywa kikifunguka kwa hasira, hukiri kwamba si yao. Wala hawaombi wauziwe wao, maana hawana dola bilioni 7. Wanaomba bwana mpya.

Kiswahili hutusaidia kuiona tofauti ambayo sheria za biashara huifunika. Kimilikishi chetu kina kazi mbili. Nikisema "kalamu yangu" nina maana kwamba naweza kuiuza, kuigawa au kuivunja. Mwanafunzi akisema "shule yetu" hana maana hiyo hata kidogo, kwani hana hati ya kiwanja wala ufunguo wa lango. Ana maana kwamba yeye ni wa shule ile kama vile shule ile ni yake. Ndivyo pia mtu anaposema "kwetu". Aliyezaliwa Butere na kukulia Eastlands bado atasema kwetu ni Butere, hata kama shamba lote liliandikishwa kwa jina la ami yake. Timu ni yetu kwa maana hii ya pili, na kwa Woody Johnson ni yake kwa maana ya kwanza. Mwanafunzi wangu mmoja, katika mjadala wa darasani, aliuliza kwa nini mashabiki wasioridhika wasihame tu wakashabikie timu nyingine, kama mteja ahamavyo duka lenye unga mbovu. Wenzake walicheka kabla sijamjibu. Hakuna ahamaye kwao kwa sababu chifu ni mbaya.

Na chifu wa kununuliwa ana uwezo wa kuubeba mji wote akaenda nao. Mashabiki wa Cleveland walijifunza hilo tarehe 6 Novemba 1995, mmiliki wao Art Modell alipotangaza kwamba anaihamishia Baltimore timu ya Browns, iliyokuwa imechezea Cleveland tangu 1946. Mji ulikwenda mahakamani ukapata mapatano: Modell aliwachukua wachezaji, lakini jina, rangi na kumbukumbu za timu zikabaki Cleveland, na mwaka 1999 timu mpya ikavishwa jina lile la zamani. Timu hiyo mpya nayo iliwapa ukame wake. Januari 2018, baada ya msimu wa kushindwa mechi zote 16, maelfu ya mashabiki waliandamana katika baridi kali kuuzunguka uwanja kwa umbo la sifuri, wakiadhimisha kwa kejeli msimu wao mkamilifu, na wakakusanya misaada kwa ajili ya wenye njaa. Sijui maandamano mengine ya mpira yaliyokuwa na heshima kama hayo.

Je, kuuza timu husaidia? Wakati mwingine husaidia, na sitaki kuuficha ushahidi usiopendelea hoja yangu. Timu ya Washington iliteseka chini ya Daniel Snyder tangu alipoinunua mwaka 1999 kwa dola milioni 800. Mnamo Julai 2023 aliiuza kwa kundi lililoongozwa na Josh Harris, na katika msimu wa 2024 Washington wakafika mechi ya mwisho kabla ya fainali, wakiongozwa na chipukizi Jayden Daniels. Mashabiki walikuwa na kila sababu ya kushangilia. Lakini bei aliyolipwa Snyder ilikuwa dola bilioni 6.05. Ligi ilimtoza faini ya dola milioni 60, sawa na mtu aliyeuza ng'ombe mia moja akatozwa mmoja. Mtu aliharibu miaka 24, akafukuzwa kwa zomeo, akaondoka na utajiri zaidi ya mara saba ya alioingia nao.

Sasa nirudi Green Bay, mji wa watu wapatao laki moja katika jimbo la Wisconsin. Packers hawana mmiliki. Tangu 1923 timu hiyo imekuwa ya umma, na baada ya mauzo ya hisa yaliyokamilika mwaka 2022 ina wenye hisa zaidi ya laki tano. Hisa hizo hazilipi gawio, na haziwezi kuuzwa kwa faida sokoni. Anayenunua hununua karatasi ya kutundika ukutani na haki ya kupiga kura katika mkutano wa mwaka. Kwa akili za biashara ni ununuzi wa kipumbavu, ila watu hupanga foleni kwa ajili yake. Na tazama jinsi mambo yanavyokutana: wale Pittsburgh waliowatoa Jets ile Januari ya 2011 walikwenda fainalini wakakutana na Packers, na tarehe 6 Februari wakashindwa kwa 31 kwa 25. Timu isiyo na mmiliki ikatwaa ubingwa. Ligi yenyewe haitaki tena timu ya namna hiyo, kwani kanuni zake zinadai kila timu iwe na mtu mmoja mwenye sauti ya mwisho. Packers wameachwa kwa kuwa walitangulia.

Nimekwisha kuwasikia wasomaji wa Nairobi, Kisumu na Kakamega wakiguna. Watasema: sisi tuna vilabu vya wanachama, na tazama vilipo! Wana haki ya kuguna. Gor Mahia, waliolileta nyumbani Kombe la Mandela mwaka 1987, walikaa bila taji la ligi tangu 1995 hadi 2013. AFC Leopards walitwaa la mwisho mwaka 1998, na hadi kumalizika kwa msimu wa 2024/25 walikuwa bado wanalisubiri. Miaka hiyo yote hapakuwa na tajiri wa kulaumiwa. Palikuwa na viongozi waliochaguliwa, makundi yanayozozana, na kesi zisizokwisha. Ukame hauhitaji mmiliki. Hilo nalikubali, na anayemwambia shabiki wa Leopards kwamba ana bahati kwa kuwa hana Woody Johnson anamfanyia dhihaka.

Lakini tofauti ipo, na inaonekana pale timu inapofilisika. Oserian, timu ya kampuni ya maua ya Naivasha, ilitwaa ubingwa wa Kenya miaka miwili mfululizo, 2001 na 2002. Leo katika ligi yetu haipo. Kampuni ilipochoka, timu ilikwisha, na hapakuwa na "sisi" ya kuizuia isife, kwa kuwa waliokuwa na haki ya kusema "yetu" walikuwa maafisa wachache. Leopards wamekosa mishahara, wamekosa uwanja, wameshuka hadi kuhatarisha nafasi yao katika ligi kuu, na hawajafa. Wanaobaki majukwaani Nyayo au Kasarani wakiimba katika mechi isiyo na maana yoyote kwenye jedwali ndio walioizuia.

Sipingi fedha za matajiri. Klabu haiwezi kuishi kwa nyimbo na michango ya mlangoni, na wachezaji wana watoto wa kusomesha. Wajerumani walilikabili swali hili mwaka 1998 kwa kanuni ambayo ningependa viongozi wetu waisome kabla ya kutia saini karatasi yoyote: klabu inaweza kuanzisha kampuni na kuchukua mtaji wa wawekezaji, lakini zaidi ya nusu ya kura hubaki mikononi mwa wanachama. Mna kasoro zake, na kuna vilabu vichache vilivyosamehewa sharti hilo, ila msingi wake unaeleweka hata kwa mtoto. Tajiri anakaribishwa mezani, lakini meza haibebi.

Kwa hiyo siku mwekezaji atakapofika na mfuko wake, kama hajafika tayari, mwanachama asiulize kwanza ataleta shilingi ngapi. Aulize jina la klabu litaandikwa kwa nani. Aulize iwapo rangi zinaweza kubadilishwa zifanane na za bidhaa ya mfadhili, na kura ngapi zinahitajika ili timu ihamishwe kutoka mji mmoja hadi mwingine. Aulize mwekezaji akishindwa miaka mitano, mkutano gani una mamlaka ya kumwambia basi, na kwa bei gani ataondoka. Mawakili wa Cleveland waliyauliza baadhi ya maswali hayo wakati malori ya Modell yakikaribia kupakiwa, na hata kwa kuchelewa hivyo walifaulu kubakisha jina, rangi na kumbukumbu. Mashabiki wa Jets hawana mkataba wa kuuliza chochote, na kila Septemba hulipia tena viti vyao.